Mkono wa Kushoto wa Mama Ndunge

Nimestaafu kusuka. Sikuamua mimi, miguu ndiyo iliamua. Mishipa imevimba kama bomba la maji linalotaka kupasuka, na daktari ameniambia nikisimama tena kutwa nzima nisije kumlaumu. Sitamlaumu. Watu wa kulaumu ninao wa kutosha, na hapa nitawataja kwa majina, kwa sababu mtu akistaafu bila kumtaja mtu, watu watadhani alikuwa na raha.

Nyinyi mliobaki saluni pale Kawangware 56 ndio mlinisihi niandike. Nafikiri mlitaka tu nitoke mlangoni niache kukosoa matuta yenu ya nywele. Sawa. Shule niliacha darasa la sita, kwa hivyo mkiona nimekosea mahali mnyamaze, kama mimi ninavyonyamaza nikiona vichwa vingine mnavyovitoa nje mchana kweupe.

Jambo lenyewe ni hili. Mapema mwaka huu Madam Prisca, yule wa mradi wa kufunza wasichana ususi kwenye ukumbi wa kanisa, alisimama mbele ya watu akasema msichana anahitaji kumwona mtu anayefanana naye. Mwanamke mwenzake, na ikiwezekana wa kwao. Ndipo atasema, kama huyu ameweza, hata mimi nitaweza. Watu walipiga makofi. Hata mimi nilipiga, kwa sababu nilikuwa nimekaa mbele na chai ilikuwa haijaletwa. Lakini nikabaki kujiuliza: afanane naye wapi? Sura? Jina? Kabila? Ngojeni niwaambie yangu halafu mtajua mtakachofanya na hayo makofi.

Mtu wa kwanza kuambiwa nimfuate alikuwa Ouma. Mumweke huyo kichwani, atarudi. Ouma alikuwa wa kijiji chetu kule ziwani, boma lao na letu yamegawanywa na mfereji tu. Alikuja Nairobi kabla yangu, akafungua kinyozi pale kijiji cha Raila ndani ya Kibera, na kila Krismasi alikuwa anakuja nyumbani na viatu vyeupe. Mama yangu akimwona anapita na hivyo viatu kwenye matope ananiambia, "Okoth, unamwona mtoto wa wenzangu? Fanya vile anafanya." Basi nikaja. Nikafanya vile anafanya.

Kwa Ouma nilijifunza mengi. Nilijifunza kulala kwenye kiti cha mteja bila kukoroma. Nilijifunza kwamba ukimkata mtu vibaya unaipiga ile mashine kofi na kusema, "Hizi stima za siku hizi!" Nilijifunza kumsifu mteja sana ukiwa nyuma yake ili asiombe kioo. Alikuwa mwanaume kama mimi, Mjaluo kama mimi, hata meno tulikuwa tumeumbiwa pengo mahali pamoja. Watu walikuwa wanauliza kama tumetoka tumbo moja. Kama kufanana kungekuwa kunafundisha, leo mngekuwa mnanyolewa na mimi na mngekuwa mnalia.

Siku moja Ouma alikuwa anamwaga maji moto kwenye beseni la taulo huku ameangalia nje, kwa sababu kuna dada alikuwa anapita. Beseni lilikuwa hapa. Mkono wangu wa kulia ulikuwa hapa. Yeye macho yalikuwa kule. Nilipiga kelele mpaka yule dada akarudi kuona ni nini, na Ouma akachukua nafasi hiyo kumsalimia.

Nilipofungwa bendeji kutoka vidole mpaka kiwiko, Ouma aliniangalia kwa huruma akasema, "Omera, ndugu yangu, kinyozi wa mkono mmoja ni wa nini?" Nikatoka hapo na begi langu nimelishika kwa mkono wa kushoto. Huyo ndiye mfano wangu wa kwanza wa kuigwa. Nimemtaja.

Kawangware nilifika nikitafuta kazi yoyote isiyohitaji mikono miwili. Pale 56, nyuma ya duka la hadwea, kulikuwa na saluni ya mabati iliyopakwa rangi ya waridi, na mwenyewe alikuwa Mama Ndunge, Mkamba wa Machakos, mwanamke mfupi, mwenye sauti inayovuka barabara bila kuangalia kulia na kushoto. Alikuwa anataka mtu wa kuchota maji. Nikamwambia naweza kubeba mtungi mmoja kwa safari. Akasema, "Si maji ni yaleyale? Beba."

Sasa, nyinyi wa siku hizi mmezoea viti vya kupanda na kushuka kwa kukanyaga. Wakati ule msusi alikaa kwenye kiti, mteja akakaa kwenye kigoda chini yake, katikati ya magoti, na msaidizi akakaa mbele kusuka upande wa pili. Mkiichora picha hiyo vizuri akilini mtaona shida ya mwanaume kwenye hiyo kazi. Magoti yangu yangemweka mke wa mtu wapi?

Lakini sikuwa nafikiria kusuka. Nilikuwa nachota maji. Siku moja nyuzi za kusukia zilikuwa zimejifunga fundo, na wakati hakuna kazi nikakaa kwenye ngazi nikaanza kuzifungua kwa vidole vya kushoto, polepole, maana wa kulia bado ni bendeji. Mama Ndunge alisimama akaniangalia. Akaniangalia tena. Akaingia ndani, akatoka, akaniangalia mara ya tatu kama mtu aliyeona jamaa aliyepotea.

"Wewe kijana."

"Naam, Mama."

"Kesho usichote maji. Utasimama hapa nyuma ya bega langu. Utaangalia mkono wangu, na vile unafanya, ufanye."

"Mama, mimi ni mwanaume."

"Nani amekuuliza?"

Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa. Sababu yake sikuijua, na hamkuwa mkiulizana sababu na Mama Ndunge.

Wanawake waliokuwa wakijifunza kwake walikaa mbele, upande wa uso wa mteja. Mimi sikukubaliwa kukaa mbele, kwa heshima ya leso na magoti ya watu, kwa hivyo nikasimama nyuma ya bega lake. Alichokiona yeye ndicho nilichokiona mimi. Alishika chanuo la mkia kwa mkono wa kushoto, nikashika kwa kushoto. Alianza kugawa kichwa kutoka sikio la kulia kwenda la kushoto, nikaanza hapo hapo. Akiweka uzi mdomoni, na mimi naweka. Akifyonza meno mteja akitikisika, nafyonza. Jioni nikirudi Kibera kwa miguu, vijana pale Raila wananiambia nimeanza kutembea nikitikisa kiuno. Ouma ndiye aliyeongoza kwaya hiyo. "Mwoneni Nyar-Kamba!" alikuwa anapiga kelele kutoka mlangoni kwake, yaani binti wa Wakamba. Mimi sikumjibu. Ukweli ni kwamba nilikuwa natikisa.

Kwa wateja, Mama Ndunge alitatua lile jambo la magoti kwa kreti za soda. Alizipanga, akaweka mto juu, mteja akapanda kama anaapishwa, na mimi nikasuka nikiwa nimesimama. Hivyo ndivyo nilivyosuka maisha yangu yote, na hii mishipa mnayoiona imetoka kwenye hizo kreti. Lakini hapo simlaumu mtu. Ningekaa chini, ningepigwa.

Na bado nilikaribia kupigwa. Kulikuwa na bwana mmoja, fundi wa kuchomelea vyuma, alisikia mke wake anasukwa na mwanaume, akaja na nyundo mkononi. Akasimama mlangoni. "Ni nani anashika kichwa cha bibi yangu?"

Mama Ndunge hakuinua macho. "Ni mimi namshika Okoth, na Okoth anashika kichwa. Ukitaka kushika kitu, shika hiki kioo, bibi yako ajione."

Yule bwana akaweka nyundo chini akashika kioo. Akakishika mpaka kichwa kikaisha. Mwishowe akawa ananiambia, "Hapo juu ya sikio umeacha unywele." Na ilikuwa kweli.

Bendeji ilipotoka, mtafikiri nilirudi kwa mkono wangu wa kulia. Sikurudi. Mimi nilijua kusuka ni kazi ya mkono wa kushoto. Msinicheke. Dereva amewekewa usukani upande mmoja, hakuna anayeuliza. Nilidhani ususi una upande wake pia, na wale wanawake wanaokaa mbele wanatumia kulia kwa sababu wamegeuka. Mikono yangu ilikuwa inauma, nilikuwa mzito kuliko wote, lakini nilijua huo ndio ugumu wa kazi yenyewe. Kichwa ambacho wenzangu wanamaliza kabla ya chai, mimi nakimaliza wakati wa kufunga. Mama Ndunge alikuwa na subira na mimi peke yangu. Akiwapigia wengine kelele, kwangu anasema, "Pole pole, wangu. Najua."

Alijua nini? Nilikuja kuelewa siku ya panya.

Saluni ilikuwa imejaa. Panya akatoka chini ya gunia la nywele za kuongezea, mkubwa, anatembea bila haraka kama landilodi siku ya kodi. Wanawake wakapanda viti. Mteja wangu, mama mzito wa kwaya, akaruka kutoka kwenye kreti akanikanyaga. Kwa ule uchungu na hasira nikavua patipati mguuni nikamtupia yule panya, na nikampata, palepale, akalala. Wakashangilia. Nilikuwa nangoja sifa.

Mama Ndunge hakushangilia. Alikuwa amesimama na chanuo hewani.

"Okoth, umetupa na mkono gani?"

Nikaangalia mikono yangu. "Wa kulia."

"Kwa nini wa kulia?"

"Si ndio wangu?"

Mama Ndunge akashusha chanuo. Akakaa kwenye kigoda cha wateja, mahali ambapo sijawahi kumwona amekaa. Akasema akiwa mdogo alichapwa sana kwa ajili ya ule mkono. Nyumbani walimfunga kitambaa asile nao, shuleni walimu wakamalizia. Akazoea mkono wa kulia kwa kila kitu ambacho watu wanaona, kula, kuandika, kusalimia. Kusuka tu ndiko alikobaki na mkono wake. Na katika wote aliowafunza hakupata hata mmoja wa mkono huo. Kisha siku ile akaniona kwenye ngazi nafungua nyuzi.

"Nikasema, Mungu ameniletea mwenzangu," akasema. "Nikasema, wacha awe mwanaume, wacha awe Mjaluo, huyu ni wangu. Kumbe ulikuwa umeungua tu!"

Hapo ndipo niliona kazi inaondoka. Nilikuwa nimeoa, binti yangu Akinyi amezaliwa, na sikuwa na mahali pengine pa kwenda isipokuwa kwa Ouma.

"Sasa niambie," akaendelea, na sauti yake ilikuwa chini, jambo la kutisha kabisa. "Wewe si mwanamke. Si wa kwetu. Na sasa hata mkono si wangu. Mimi na wewe tunafanana wapi?"

Nilitafuta. Niliitafuta hiyo saluni yote kwa macho. "Wote tunaogopa panya, Mama."

"Mimi siogopi panya."

"Basi hatufanani."

Alianza kucheka kwa pua. Halafu akacheka kwa mabega. Mwishowe akacheka mpaka leso ikalegea na yule mama wa kwaya akamshika asianguke. Alipomaliza akafuta macho, akainuka.

"Mwongo wewe. Shika chanuo. Kuna kichwa kinangoja."

"Na mkono gani?"

"Uleule. Nimekwisha kukufunza, siwezi kuanza upya."

Tangu siku hiyo jina langu kwake likawa Mwongo, ingawa sikudanganya, na nikaendelea kusuka kwa kushoto mpaka kustaafu. Watu wa Kawangware walikuwa wanajua kichwa changu na cha Mama Ndunge wakiwa upande wa pili wa barabara, maana matuta yetu yanalala upande wa pili. Mwingine alikuwa anauza mtindo huo pale Soko la Toi akisema umetoka ng'ambo. Namjua, ana watoto sasa, huyo tu nitamwachia.

Miaka ikaenda. Mama Ndunge macho yakafifia, akarudi Machakos, akaniachia saluni na ile sauti yake kichwani mwangu. Halafu miguu yangu ikaisha nayo. Na mwaka huu huu, nikiwa nimeanza kuzoea kukaa, akanipigia simu.

"Mwongo."

"Mama."

"Nakuletea mjukuu. Mwende, mtoto wa Ndunge. Ameingia mradi huko kwenu wa kusuka. Wasimharibu."

Nikavaa shati safi nikaenda kwa Madam Prisca kujitolea. Nikamwambia niko tayari kufunza bure, nikiwa nimekaa. Madam Prisca ni mama mwenye adabu, alinipa kiti. Kisha akasema mradi hauchukui walimu wanaume.

"Kwa sababu ya kufanana?" nikamuuliza.

"Hiyo ni moja, Mzee Okoth. Ya pili, mwaka wa kwanza tulikuwa na mwalimu mwanaume. Alikuja vizuri, anaongea vizuri. Wasichana watatu walitoroka mradi kabla hatujajua ni kwa nini wanamtoroka. Alikuwa anaitwa Ouma, kinyozi wa kule Raila."

Nilikaa nikaangalia viatu vyangu. Madam Prisca akaendelea kusema kwa upole kwamba hajasema mimi ni hivyo, lakini hana njia ya kujua kwa kuniangalia. Na ni kweli. Ukituangalia, mimi na Ouma tumefanana mpaka pengo. Huyo mtu alinichoma mkono, akanifukuza, akaniita Nyar-Kamba, na sasa alikuwa amekaa mbele yangu mlangoni bila hata kuwepo. Watu mnaongea sana juu ya kumwona mtu anayefanana na wewe aliyefaulu. Hakuna anayeongea juu ya yule anayefanana na wewe aliyewaharibia wote. Nimemtaja mara ya pili. Kama anasoma hii, aisome kwa sauti.

Basi Mwende akapewa mwalimu wa kufanana naye. Damaris. Mwanamke, Mkamba, wa Machakos, kutoka kwao mpaka kwa kina Mwende watu wanaweza kuitana kwa sauti. Damaris namjua tangu akiwa mwanafunzi wetu, msusi safi, moyo safi, na mkono wa kulia kama wa askari anayepiga saluti. Kama Madam Prisca angeagiza mfano wa kuigwa kwa fundi cherehani asingepata wa kumkaa Mwende vizuri zaidi.

Na Mwende akawa hasuki. Matuta yake yalikuwa kama njia ya mlevi. Damaris alimfunza kwa upole, akamfunza kwa ukali, akamfunza kwa Kikamba. Wapi. Mtihani ulikuwa unakaribia, kila msichana asuke kichwa kizima mbele ya waamuzi, na asiyepita anarudi kwao, basi. Nilikuwa napita hapo ukumbini kila siku kama mtu anayenunua sukuma wiki, na siku moja nikamkuta amekaa nje kwenye veranda, anatafuna mahindi ya kuchoma na machozi.

"Vipi, mama?"

"Baba Akinyi, mimi narudi nyumbani. Mwalimu anasema nina mkono wa mbao. Kila mtu ananiambia, si huyo ni kama dada yako, mbona usifanye kama yeye? Nafanya kama yeye! Haiji! Susu atasema nini?" Susu ndiye nyanya yake, Mama Ndunge.

Kabla sijamjibu, makanga mmoja wa matatu pale steji akapiga mluzi akamwambia Mwende neno ambalo siwezi kuandika, na si kwa sababu ya tahajia. Mwende hata hakusimama. Gunzi la mahindi liliondoka mkononi mwake, likavuka mtaro, likavuka mama wa ndizi, likampata yule makanga katikati ya kofia. Steji nzima ikapasuka kicheko.

Mimi sikucheka. Nilikuwa naangalia mkono wake.

"Mwende, umetupa na mkono gani?"

Akauficha mgongoni, haraka, kama mtoto aliyekamatwa na sukari. "Pole, Baba Akinyi."

"Kwa nini unasema pole?"

"Huo… shuleni walituambia ni mbaya. Situmii. Ni hasira tu."

"Na susu yako anajua?"

"Ajue aje? Haoni. Na alipokuwa anaona mimi nilikuwa mdogo."

Hapo nikacheka. Nikacheka kwa pua, nikacheka kwa mabega, mpaka mtoto wa watu akaogopa.

Nilirudi kwa Madam Prisca na Damaris akiwepo, nikawaambia Mwende ni wa kushoto. Madam Prisca alisikiliza mpaka mwisho, na sitamsema vibaya, hakubisha. Ila sheria ya mradi ilikuwa palepale, na ile sheria ilikuwa na jina la Ouma ndani yake. Damaris ndiye aliyepata njia. Akasema, "Madam, vile viti vyetu vinalegea. Si tulihitaji fundi wa viti? Akae pale veranda, mbele ya steji yote, arekebishe. Mimi ndiye mwalimu. Nitakuwa nimekaa hapo hapo."

Madam Prisca aliangalia dari. "Viti kweli vinalegea," akasema. "Damaris, usitoke hapo hata kwenda kununua maandazi."

Basi nikawa fundi wa viti. Nilikuja na nyundo, nikagonga mara moja kila asubuhi ili dhamiri ya mradi itulie. Damaris akapanda kwenye kreti, maana kilihitajika kichwa, na nikasimama, na huu mguu wangu umefungwa, nikamweka Mwende nyuma ya bega langu. Si mbele. Nyuma. Nikamwambia anachoona nafanya, afanye.

Nikaanza kutoka sikio la kulia. Nikasikia pumzi yake imekatika hapo nyuma.

"Kwani Baba Akinyi, wewe ni wa kushoto?"

"Hapana."

"Sasa mbona unasuka na kushoto?"

"Huu si mkono wangu. Ni wa susu yako, aliusahau kwangu. Shika chanuo."

"Na mkono gani?"

"Uleule uliompiga makanga."

Sitawaambia ilikuwa mara moja. Mkono uliofichwa miaka unatoka na aibu. Lakini siku moja niliangalia nyuma nikaona ameweka uzi mdomoni, halafu Damaris akatikisika na nikasikia huyu mtoto anafyonza meno, vile vile, kwa sauti ile ile, na nikajua kazi imeshika. Kichwa cha Damaris kilifumuliwa na kusukwa mpaka akawa anauliza kama yeye hana haki zake. "Mimi ni mwalimu au ni mkeka?" alikuwa anasema. Lakini hakutoka kwenye kreti.

Mwende akapita mtihani. Mwamuzi mmoja alipitisha kidole kwenye matuta akasema yanalala upande wa ajabu lakini hayana pa kukosolewa. Siku ya vyeti Madam Prisca akamwita Damaris mbele, mwanamke, wa kwao, mfano mwema kwa wasichana wetu. Damaris akapigiwa makofi, akaniangalia. Mimi nikashukuriwa kwa kutengeneza viti. Kisha mwenyekiti wa kamati akakaa kwenye kimoja na kikamwangusha, lakini hiyo ni hadithi ya watu wengine. Chai ilikuwa imeletwa mapema safari hii, kwa hivyo nilipiga makofi kwa roho safi.

Kwa hivyo nyinyi vijana, mkiniuliza, mimi sisemi Madam Prisca amekosea kabisa. Kuna mtoto atamwona Damaris aanze kuota, na ni sawa. Ninachosema ni kwamba yule anayefanana na wewe anaweza kuwa Ouma. Muwe macho.

Mwezi wa pili baada ya vyeti Mwende alienda Machakos, na kitu cha kwanza alichofanya ni kumsuka nyanya yake. Jioni simu ikalia.

"Mwongo."

"Mama."

"Nimepapasa kichwa changu chote. Nimepapasa tangu mchana." Sauti yake imezeeka lakini bado inavuka barabara. "Mbele pazuri. Juu ya masikio pazuri. Mkono ni wangu, nimeujua. Nani amemfunza huyu mtoto?"

"Damaris, Mama. Mimi nilikuwa natengeneza viti."

"Wacha. Nyuma hapa kisogoni matuta yanakimbia, yanataka kurudi upande wa kulia. Hilo kosa nilikupigia kelele nalo tangu ile siku ya panya, miaka na miaka, na sasa umemwambukiza mjukuu wangu. Akirudi mkalishe, umrekebishe."

Nilijaribu kujitetea lakini alikuwa ameshakata. Nikabaki nimeshika simu, nacheka peke yangu, mpaka mama Akinyi akatoka kuuliza kama niko sawa. Niko sawa. Maisha yangu yote nimejaribu kufanana na yule mwanamke, na yeye mwenyewe ameipapasa kazi yangu kwa vidole vyake akanikuta nimekosa mahali pamoja tu, kisogoni.